Kioo Kinachompendelea Mteja

Mpwa wangu alipoiona picha hiyo kwenye simu yangu hakuchukua hata dakika. "Mjomba, na huyu dada wa pili naye anauza?" Nikamwambia hakuna dada wa pili, yule anayetupa mgongo ni huyu huyu wa mbele, ndani ya kioo. Akaikuza kwa vidole viwili, akaisogeza kushoto, akairudisha kulia, kisha akanikabidhi simu yangu. "Basi hicho kioo ni kibovu."

Ana miaka kumi na mmoja, na hakuwa na habari kwamba alikuwa anarudia lawama aliyotupiwa mchoraji Mfaransa Édouard Manet mwaka 1882, alipoipeleka picha hiyo kwenye Salon, yale maonyesho makubwa ya kila mwaka jijini Paris. Ndiyo ilikuwa picha yake kubwa ya mwisho. Jina lake la Kifaransa ni Un bar aux Folies-Bergère, yaani baa ndani ya Folies-Bergère, na leo imetundikwa London, katika Courtauld Gallery, ndani ya jumba la Somerset House. Samuel Courtauld, tajiri wa viwanda vya nguo, aliinunua mwaka 1926. Ukisimama mbele yake unashangaa kwamba si kubwa kama sifa zake: sentimita 96 kwa 130, kimo cha mtoto mdogo.

Msichana amesimama nyuma ya kaunta ya marumaru. Mikono yote miwili ameikita ukingoni, vifundo vya mikono vimegeukia nje, kama mtu aliyesimama tangu saa kumi na mbili jioni na bado ana saa nyingi mbele yake. Amevaa koti la mahameli nyeusi lililombana kiunoni, kidani kwenye utepe mweusi shingoni, bangili ya dhahabu, na kishada cha maua kifuani. Macho yake yanakuja upande wetu lakini hayatufikii. Yanaishia hewani, hatua moja kabla ya uso wa mtazamaji. Nimejaribu kusogea huku na huku niyakamate, sikuweza.

Juu ya kaunta kuna chupa za shampeni zilizovishwa karatasi ya dhahabu shingoni, chupa ya pombe ya kijani ya mnanaa, bia ya Bass yenye pembetatu yake nyekundu, bakuli la kioo lenye mguu lililojaa machenza, na waridi mbili ndani ya glasi. Hiyo pembetatu ya Bass ndiyo alama ya biashara ya kwanza kabisa kusajiliwa Uingereza, mwaka 1876, na Manet ameichora kwa mipigo michache tu ya brashi, ikatosha. Mpaka leo mtu anaitambua kutoka upande wa pili wa chumba. Nadhani hakuna mtu wa matangazo aliyewahi kupewa zawadi kama hiyo bure.

Vilivyobaki vyote ni kioo. Tunalijua hilo kwa sababu ya fremu ya dhahabu inayopita mlalo nyuma ya msichana, usawa wa mikono yake. Umati wote, roshani, moshi, taa kubwa za vishada vya vioo, taa mbili nyeupe za duara zinazong'aa kama mwezi, hivyo havipo nyuma yake. Vipo mbele yake, nyuma yetu sisi, na kioo ndicho kinatuletea. Juu kabisa kwenye kona ya kushoto inaning'inia miguu miwili yenye viatu vya kijani: msanii wa sarakasi kwenye bembea, kiwiliwili chote kimekatwa na ukingo wa picha. Watu wamelipa kiingilio kumtazama yeye, na mchoraji ametuachia viatu vyake tu.

Kisha, upande wa kulia, kuna mgongo wa msichana. Na mbele ya mgongo huo, karibu mno, mwanamume mwenye masharubu na kofia nyeusi ndefu.

Anayetaka kujua tatizo lilipo asihangaike na vitabu, aingie chumba chenye kabati la kioo. Mweke dada yako asimame na kulipa kabati mgongo, nawe simama mbele yake, uso kwa uso, katikati kabisa. Mgongo wake utauona? Hutauona, yeye mwenyewe ameuziba. Sasa sogea kulia hatua moja, mbili. Mgongo utaanza kuchungulia upande wa kulia wa mwili wake, na kadiri unavyosogea ndivyo unavyojitenga naye. Lakini hapo hapo uso wake nao hauko tena mbele yako. Unamtazama kwa upande. Manet ametupa yote mawili kwa pamoja: uso umetukabili kama tuko katikati, mgongo umesogezwa mbali kama tumesimama pembeni kabisa. Halafu kuna huyo bwana. Ikiwa kioo kinamwonyesha amemkaribia msichana kiasi kile, basi kichwa chake na kofia yake vilipaswa kuwa hapa mbele, vikituziba. Hapo mbele hapana mtu. Hesabu ya chupa nayo haikubali: zile za kaunta upande wa kushoto na zile za kiooni hazilingani kwa idadi wala kwa mpangilio.

Wakati ule mchora vibonzo aliyetumia jina la Stop alilifanyia mzaha jambo hili katika gazeti la Le Journal Amusant. Alimpa msichana cheo cha muuza faraja, kisha akaeleza kwamba, bila shaka kwa kupitiwa, mchoraji amemsahau bwana tunayemwona kiooni, na kwamba yeye Stop ameona ni wajibu wake kuirekebisha dosari hiyo. Akamchora bwana huyo mbele ya kaunta, mgongo kwetu. Kibonzo kinachekesha. Ila ukikitazama mara ya pili unaona kwamba kwa kumrudisha bwana mahali pake, Stop ameiua picha. Imebaki habari ya mlevi na baa.

Swali la kupitiwa, kwa maoni yangu, halina haja ya kuchukua muda wetu. Manet alikuwa na miaka hamsini, amechora tangu ujana. Mchoraji mwenzake Georges Jeanniot alimtembelea studioni Januari 1882 akamkuta kazini: msichana amewekwa nyuma ya meza iliyosheheni chupa, na Manet anachora. Jeanniot akaondoka na jambo moja kichwani, kwamba ingawa Manet alikuwa na mtu hai mbele yake, hakuwa ananakili alichokiona. Baadaye sana picha ilipopigwa eksirei, mabadiliko yakaonekana chini ya rangi. Mwanzoni msichana alikuwa ameikutanisha mikono kiunoni, mmoja umeushika mwingine. Na mgongo wa kiooni ulikuwa karibu naye zaidi, kisha ukasogezwa kulia, ukasogezwa tena. Mtu aliyepitiwa hasogezi kosa lake mara kadhaa ili likae vizuri zaidi.

Kuna waliojaribu kumtetea kwa hisabati. Anayetajwa zaidi ni mtafiti wa Australia, Malcolm Park, ambaye mwaka 2000 aliunda upya kaunta, kioo na watu wake, akapiga picha, akaonyesha kwamba taswira ile inawezekana. Sharti lake ni kwamba mtazamaji asimame upande wa kulia, si katikati, na msichana ajigeuze kidogo kumwelekea. Kwa maelezo hayo yule bwana hayuko mbele ya msichana hata kidogo. Yuko mbali kushoto, nje ya ukingo wa picha, na mazungumzo tunayoyaona kiooni hayapo. Ni watu wawili waliopangana machoni petu kwa bahati ya pembe ya kutazamia.

Naivulia kofia kazi hiyo. Ila hainitoshi, kwa sababu ya kawaida kabisa: hakuna anayesimama mbele ya picha ile akajihisi yuko pembeni. Msichana amewekwa katikati, vifungo vya koti lake vimeshuka mstari mmoja kama timazi la fundi mwashi, chupa zimejipanga kushoto na kulia kama wasindikizaji. Mwili wako wenyewe unakuambia uko mbele yake, zamu yako imefika, agiza. Hisabati inasema hapana. Picha inaishi katikati ya hao wawili, na anayemaliza ugomvi wao kwa kumpa mmoja ushindi, Stop au Park, anatunyang'anya kitu.

Kitu gani hicho? Tuache pembe na vipimo, tuwatazame hao wasichana wawili. Wa mbele amesimama wima. Wa kiooni ameinama kidogo kumwelekea mteja, na mwili wake umejaa zaidi. Mabega ni ya mviringo, nywele zimelegea kidogo. Wa mbele midomo imefungwa na amechoka, au amekufa ganzi, au yuko kwao akiwaza kodi ya chumba. Wa kiooni hatuuoni uso wake, lakini mkao wake wote unasema karibu, nakusikiliza. Ni mtu mmoja, sekunde ile ile. Kioo cha kawaida kingerudia alichopewa. Hiki kimeongeza kitu ambacho kaunta haina: uchangamfu.

Mimi nakisoma hivi. Kioo kile kinaonyesha anachokiona mteja, na mteja huona alicholipia. Ameingia kwa kiingilio, amenunua shampeni au anakaribia kununua, na ndani ya bei hiyo anaamini mmewekwa pia usikivu wa mtu. Basi kioo kinampa: msichana anamwinamia, wako wawili tu, umati wote umekuwa ukungu. Hesabu ya kaunta inasema vingine. Ndiyo maana Manet hakuweza kuiacha taswira mahali pake panapostahili, nyuma ya mwili uliochoka. Angeiacha pale tungeona jambo moja tu. Kwa kuisukuma kulia ametuwekea kazi na sura ya kazi bega kwa bega, kila moja na nafasi yake, tulinganishe wenyewe.

Mahali penyewe palikuwa pa biashara ya namna hiyo. Folies-Bergère ilifunguliwa mwaka 1869 katika mtaa wa rue Richer. Ulikuwa ukumbi wa burudani mchanganyiko: sarakasi, dansi, muziki, wanyama, na watu kuzungukazunguka kutazamana. Nusu ya watazamaji hawakuwa wakitazama jukwaa. Wasichana wa kaunta walikuwa sehemu ya mapambo, na waungwana wa Paris waliamini, kwa haki au kwa dhuluma, kwamba si chupa pekee zinazouzwa pale. Kiswahili cha Dar es Salaam kina neno baamedi, na sote tunajua neno hilo limebebeshwa nini zaidi ya trei. Mwanamke anaenda kazini, anasimama kwa muda wa saa nane, anarudi nyumbani, na mtaa umeshamhukumu kwa kosa la kutabasamu. Sihitaji kuwapeleka wasomaji Paris kuwaeleza uso wa msichana wa Manet. Ni uso wa mtu anayejua unachofikiri na hana muda wa kukujibu.

Wachoraji kabla yake walikwishacheza na vioo. Velázquez, mchoraji wa Hispania, mwaka 1656 alichora chumba katika kasri la Madrid akaweka kioo kidogo ukutani nyuma, na ndani yake mfalme na malkia, ikimaanisha kwamba wamesimama pale unaposimama wewe. Manet alikwenda Madrid mwaka 1865 na kurudi akimhusudu Velázquez kuliko wachoraji wote. Angalia alivyoichukua hila hiyo na kuishusha mjini. Kwa Velázquez, ukitafuta mwenye nafasi yako kiooni unamkuta mfalme. Kwa Manet unamkuta bwana wa mjini mwenye sarafu mfukoni. Na hata yeye huna hakika naye, kwa kuwa kioo kinasema yupo na hewa iliyo mbele ya kaunta inasema hayupo.

Hii ndiyo Paris iliyokwisha kubomolewa na kujengwa upya na Haussmann, mtawala aliyekabidhiwa mji huo, yenye barabara pana, maduka ya vioo vipana na mikahawa iliyofunikwa vioo ukuta kwa ukuta, mji ambao mtu hapiti mtaa mmoja bila kukutana na sura yake mwenyewe. Baudelaire, mshairi na rafiki wa Manet, alikuwa ameshawaambia wachoraji tangu mwaka 1863 waache mashujaa wa Roma wachore maisha ya leo. Manet alimsikia. Alichoongeza yeye ni kwamba maisha ya leo hayaonekani mara moja. Yanaonekana kwa kupitia kitu kingine, dirisha la duka, moshi, kioo, na kila kimoja kati ya hivyo kina mwenyewe anayekilipia.

Kuna jambo jingine ambalo hukera zaidi kila ninapoirudia picha. Kule kiooni, juu ya roshani upande wa kushoto, kuna mwanamke mwenye nguo nyeupe na glavu za manjano. Ni doa la rangi tu, kama kidole gumba. Anajulikana: ni Méry Laurent, rafiki wa Manet, mwanamke maarufu wa duru za wasanii. Nyuma yake kidogo yumo Jeanne Demarsy, mwigizaji. Bwana wa kofia ndefu aliigwa kwa mchoraji Gaston La Touche. Wote wana majina mawili mawili. Msichana aliyechukua katikati yote ya picha, mwenye uso tunaoujua kuliko uso wowote wa mfanyakazi wa baa duniani, historia imemwachia jina moja: Suzon. Alikuwa mhudumu kweli pale Folies-Bergère, akaenda kusimama nyuma ya meza ya marumaru studioni kwa mchoraji, kazi juu ya kazi.

Huyo Jeanne Demarsy aliye doa la rangi hapa, mwaka ule ule, kwenye Salon ile ile, alikuwa na picha yake peke yake. Manet alimchora kama majira ya kuchipua, amevaa gauni la maua, mwavuli begani, majani mabichi nyuma. Hakuna kioo, hakuna kaunta. Wakosoaji waliipenda bila shida. Mwaka 2014 makumbusho ya J. Paul Getty ya Marekani iliinunua kwa zaidi ya dola milioni 65. Ni picha nzuri, sina ugomvi nayo, na haijawahi kumnyima mtu usingizi.

Nisimfanye Manet mtetezi wa wafanyakazi. Alikuwa mwana wa familia yenye uwezo, mtu wa glavu na fimbo, na kofia ile ndefu nyeusi alikuwa nayo yeye mwenyewe. Kumbi za namna hiyo alizijua kama mteja. Picha za awali za ukumbi alizichora huko huko, akiwa miongoni mwa wanaotazama. Alipofika kwenye kazi hii ya mwisho alikuwa mgonjwa, miguu imeanza kumkatalia, hawezi kusimama kwa muda mrefu. Ndiyo sababu baa ilihamishiwa studioni kwake. Mgonjwa amekaa, anamchora msichana aliyesimama. Aprili 1883 mguu wake wa kushoto ulikatwa, na tarehe 30 mwezi huo akafariki, na miaka 51. Sijui kama inatosha kusema kwamba mtu aliyenyimwa kusimama ndiye aliyeona uzito wa kusimama. Pengine ni mimi ninayetaka iwe hivyo. Lakini mikono ile iliyokitwa ukingoni mwa kaunta imechorwa na mtu anayejua mwili unapoegemea kitu unaegemea kwa sababu.

Na sahihi yake aliiweka wapi? Wengi huweka kona ya chini, juu ya rangi, kama muhuri. Manet ameandika jina lake na mwaka 1882 kwenye lebo ya chupa ya mwisho upande wa kushoto. Amejipanga kaunta pamoja na bidhaa nyingine, akisubiri bei. Bwana huyu, ambaye kiooni angeweza kuwa yule wa kofia, mbele amejifanya chupa. Picha haikuuzwa wakati wa uhai wake. Baada ya kifo chake ilichukuliwa mnadani na Emmanuel Chabrier, mtunzi wa muziki, akaitundika nyumbani juu ya piano.

Niliporudi London kuitazama safari ya pili, palikuwa na watu kama wanane mbele ya picha, na kila mmoja alifanya kama alivyofanya mpwa wangu. Anamtazama msichana, anamtazama wa kiooni, anarudi kwa msichana, kisha anasogea kidogo kulia. Halafu anageuza shingo nyuma, haraka, kuona kama kuna mtu. Nami niligeuka. Nyuma yangu alikuwepo baba mmoja wa makamo ameshika ramani ya jumba, akatabasamu kwa kuona haya kama tumefumaniwa.

Baada ya hapo nikaacha kioo nikaitazama kaunta peke yake. Shampeni hazijafunguliwa, karatasi za dhahabu ziko sawa sawa shingoni. Bia haijafunguliwa. Machenza hayajamenywa hata moja. Glasi ni moja tu juu ya marumaru yote ile, na hiyo imewekewa maua.